Jina Lililokuwa Chini ya Kutu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana ya makumbusho alinipa kufuli la chuma lililojaa kutu, akanambia nilisafishe, kisha akaenda zake kunywa chai. Mimi nilikulia katika nyumba ambayo kila Sikukuu ikikaribia tulisugua masinia ya shaba kwa ndimu na jivu mpaka tujione sura. Basi nikatafuta ndimu na jivu. Aliporudi, kufuli linang'aa na mimi meno nje.

"Wee Haji," akasema, "umelisafisha au umelichuna?"

Akanionyesha pale palipokuwa na nakshi. Shaba inavumilia ndimu, alisema, lakini chuma kikongwe nusu yake kishageuka kutu, na ukiikwangua kutu yote umekwangua na chuma chenyewe. Wiki nzima baada ya hapo sikupewa kushika kitu ila ufagio.

Vijana wanaoingia kazi hii leo wana hadubini na dawa za chupani. Sisi tulianza kwa kufundishwa kuzijua kutu mbili. Kuna nyekundu, inayoacha vumbi kidoleni. Hiyo bado inakula. Na kuna nyeusi, iliyoshikamana na chuma kama ukoko na sufuria. Hiyo imetulia, na ndiyo inayokilinda kilichobaki. Nyekundu unaitoa taratibu kwa mafuta mepesi ya mashine na kijiti cha mwanzi, maana mwanzi haukwaruzi chuma. Nyeusi unaiacha. Mwisho unapaka nta, ili hewa ya chumvi, ambayo mjini kwetu haijui likizo, isipate njia ya kuingia.

Nilikaa mjini miaka tisa, kisha nikapelekwa Makunduchi kutunza ghala la vitu vilivyochimbuliwa, chini ya Mhifadhi wa Wilaya aliyekuwa hodari wa kuandika barua kuliko wa kuhifadhi. Niliporudi, Mkuu wa Karakana nikawa mimi. Juu yangu alikuwapo Mhifadhi Mkuu, bwana nadhifu, mwenye haraka siku zote. Katika wakati wake ndipo alipokuja Bi Zuhura na gobori.

Bi Zuhura alikuwa mtu mzima wa mtaa wa Malindi, hapo hapo mjini, mshonaji wa kofia. Mafundi waliokuwa wakitengeneza dari ya nyumba yao walilikuta gobori juu ya boriti, limefungwa kwenye gunia. Polisi walikwisha kulikagua na kutoa barua lije kwetu. Hata hivyo nilianza na jambo la kwanza la kila bunduki ya zamani. Nilitia mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia baruti, mpaka mwisho wa mtutu, nikautia alama pale mdomoni, kisha nikaulaza nje, ubavuni mwa mtutu, kuupima. Urefu ulilingana, kwa hiyo ndani hamkuwa na kitu.

"Hili kalitengeneza babu yangu Khamis," alinambia Bi Zuhura. "Watu wakimwita Khamis Fundi tu. Aliletwa mjini mdogo, kakulia kwa watu, na maisha yake hakumtaja baba yake. Mpaka leo wapo wanaotutazama kwa jicho la pembeni, wanasema sie hatuna nasaba. Marehemu mama akisema babu alitia jina lake kamili kwenye mtutu. Mie bunduki siitaki, mwanangu. Nnataka hilo jina."

Nililishughulikia wiki tatu, mafuta na mwanzi, mwanzi na mafuta. Alhamisi ya wiki ya tatu Mhifadhi Mkuu alichungulia mlangoni. "Wageni wanakuja Jumamosi," alisema. "Nataka ling'ae."

Mchana ule, karibu na shina la mtutu, nilipopitisha kitambaa chenye mafuta, herufi zilijitokeza. Zilikuwa za Kiarabu, zimetiwa kwa uzi mwembamba wa fedha: Kazi ya Khamis bin Seif. Nilizisoma mara tatu. Mtu mwenye akili angepiga picha, akafunga karakana, akaenda kuswali. Mimi niliona zimefifia, nikataka sifa, nikaagiza ndimu. Uzi ule ulikuwa umeshikwa na kutu nyeusi peke yake. Nilisugua mara mbili tu, na jina la mwisho likatoka na kitambaa.

Nilimwendea Mhifadhi Mkuu, nikamweleza kila kitu.

"Nani mwengine anajua?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi limeliwa na kutu. Andika hivyo kwenye kadi yake ya kumbukumbu."

Nikaandika. Ningeweza kumtajia Bi Zuhura lile jina, lakini angeuliza nimelisoma wapi, na jibu lilikuwa kwenye kitambaa. Alipokuja, alipapasa herufi kwa vidole vyake vya kushonea, akasita baada ya "bin".

"Hapa hapana kitu?"

"Kutu, Bi Zuhura. Imekula."

Alinishukuru kwa taabu yangu. Siku ya pili alituletea halua karakanani, na mimi nikala.

Nilistaafu miaka sita baadaye, nikapewa cheti na saa ya ukutani. Wiki ya mwisho niliitoa ile kadi kabatini, nikaandika kwa mkono wangu kwamba sehemu ya jina iliondolewa na msafishaji, nikatia saini. Vitu nilivyookoa katika kazi ile sivikumbuki vyote, lakini nilichokipoteza nakikumbuka kila siku, na aibu yake haijapungua. Nilichelewa miezi mitatu nyumbani, Ramadhani ikapita na mwezi wa Mfunguo Mosi ukapita, nikijipa kazi zisizo na maana, ndipo nikaenda Malindi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae."

Nilimweleza yote, ndimu, kitambaa na kadi. Alinisikiliza huku akishona.

"Kwa hivyo ulilisoma," alisema nilipomaliza.

"Naam."

"Likisemaje?"

"Khamis bin Seif."

Sindano ikasimama.

"Kaka yangu kapewa jina na babu mwenyewe," alisema. "Akamwita Seif Mdogo. Sote tukimcheka, maana nyumbani kwetu hamkuwa na Seif Mkubwa. Mpaka kazeeka alikuwa akiuliza, mie mdogo wa nani?"

Nilimwomba anielekeze anapokaa huyo kaka, nikamwambie kwa mdomo wangu.

"Tushamzika," alisema Bi Zuhura. "Mfunguo Mosi huu uliopita."