Kujenga Magofu Scarborough

Kwetu Kilwa walisema diploma yangu ya ujenzi itafungiwa maandazi. Baba mdogo, mmoja wa walionikopesha nauli ya Kanada, alitamka mbele ya watu: "Ukijenga hata choo huko Toronto, niite mbwa."

Nilijenga magofu.

Mzee mmoja Mwairishi wa Scarborough, pembezoni mwa Toronto, alitaka uani kwake ukuta wa monasteri ya kale ya kijijini kwao, vile ulivyobaki baada ya kubomoka. Malipo yote mwisho, akiridhika. Nikasimamisha ukuta ambao mainjinia wangeuvulia kofia. Akautazama.

"Umenyooka mno. Bomoa huko juu."

Nikabomoa kazi yangu mwenyewe. Kisha akaniletea ndoo ya maziwa ya mgando yaliyochanganywa na samadi, nipake mawe yaote ukungu. Kwenye basi abiria walinihama.

Lakini jiwe lake lilinizidi. Alilitoa kwao, kwenye magofu yenyewe. Lilikuwa na shimo kama kinu, limejaa maji ya mvua. Kwao husema maji hayo huondoa chunjua, na shimo likikauka, mwenye jiwe hufa. Mimi niliona ute wa kijani na mavi ya njiwa. Mzee alichovya kidole, akajipaka kwenye kope.

"Na wewe, kijana."

"Mzee, mimi hapana."

Jumapili akaenda kanisani. Nikamwaga ule uchafu, nikalisugua jiwe kwa klorini mpaka likang'aa. Fundi mwenye diploma haachi uvundo kazini.

Aliporudi, alikaa chini hapo hapo. "Umeniua."

"Tujaze na bomba, mzee."

"Hujazwa na mvua tu. Na hulipwi mpaka inyeshe, nikiwa hai."

Kukawa na ukame. Kila siku nilimkuta kajifunika blanketi kando ya jiwe, yeye akingoja kufa, mimi nikingoja hela. Mvua iliponyesha, aliinama juu ya shimo. Chini ya maji safi zilionekana alama za patasi ambazo hakuwahi kuziona. Akanywa kwa kiganja, mdomo ukimchuruzika. Nikatazama pembeni. Akanilipa.

Niliporudi Kilwa niliwalipa wote walionikopesha, siku moja, barazani, mbele ya wale wale. Baba mdogo nilimweka wa mwisho.

"Haya, baba mdogo. Sema sasa."

"Choo ulijenga?"

"Magofu."

"Basi mimi bado ni mtu," akasema. Akalamba kidole, akaanza kuhesabu noti zake.

Nikatazama pembeni.