Kopo Lisilo na Jina

Mwanangu alikuwa macho wazi, ananitazama, na mwili wake umepoa kama sakafu. Ilikuwa saa nne asubuhi, joto la Bagamoyo limejaa chumbani, mimi jasho linanitiririka, yeye baridi. Nikamwinua mkono, nikauachia, ukaanguka. Nikamfinya paja, Mungu anisamehe, nilimfinya kwa nguvu ili alie. Hakulia. Alinitazama tu na lile jiuso la mviringo, kama mtu mzima anayengoja nimalize ninachofanya. Tulimkimbiza hospitali. Kabla ya alasiri alikuwa ameshakufa. Alikuwa na siku arobaini na nne.

Nirudi nyuma ili msomaji anielewe, maana shule mimi niliishia darasa la nne na sijui kupanga maneno.

Nilimpata nina miaka arobaini na mmoja, baada ya mimba tatu kuharibika. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na kila asubuhi huja bibi mkandaji, anamkanda mama kwa maji moto, kisha anamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, kiungo kwa kiungo. Siku ya kumi mtoto akatokwa na vipele shingoni.

"Hivi vya joto tu, mwanangu," bibi akasema. "Dawa yake ninayo."

Akatoa kopo la plastiki, halina karatasi, halina maandishi. Ndani krimu nyeupe, haina harufu. Alikuwa ameinunua Mapinga, kwenye duka la dawa. Anaichota kwa kidole, anaichanganya na mafuta kiganjani, anampaka mtoto mwili mzima. Baada ya siku mbili vipele hakuna. Ngozi ilivyong'aa, mimi mwenyewe nikasema, "Bibi, usiache, endelea nayo." Hilo nalibeba mwenyewe.

Basi akaanza kubadilika. Ananyonya hashibi. Mashavu yakaumuka mpaka pua ikazama. Nywele laini nyeusi zikamshuka kwenye paji la uso, zikaota na mgongoni. Kila nikimfunua asubuhi namkuta na sura nyingine kidogo, si ya jana. Nilikuwa namtafuta mwanangu ndani ya uso ule, naona macho tu.

"Wifi, huyu umemzaa au umemwazima?" dada wa mume wangu akanitania. "Mbona hafanani na mtu humu ndani? Huyu kachumwa shambani huyu, na maboga!"

Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Nyamaza wewe," akamwambia. "Maneno hayo wenyewe wakiyasikia, watamfuata." Jioni akafukiza ubani chumba kizima, kufukuza majini. Mtoto hakupiga hata chafya, anauangalia moshi.

Nikampeleka zahanati kupimwa uzito. Nesi akaangalia mizani, akaangalia kadi. "Mashallah! Mama, maziwa yako ni ya ng'ombe wa kisasa!" Akaandika, akamwita mwingine. Uso hakuutazama. Laiti angeutazama.

Arobaini ikafika. Watu wakala, mtoto akatolewa nje, akabebwa na kila mtu. Bibi kazi yake ikawa imekwisha, tukampa kanga zake, akaondoka na kopo lake. Kesho yake nikampaka mafuta ya nazi matupu. Siku ya pili akakataa titi. Siku ya tatu akatapika, akalala, hata kumwamsha shida. "Mwache," mama mkwe akasema, "amechoka na shughuli." Siku ya nne ndiyo ile niliyoanza nayo.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Hakuuliza amekula nini. Alimshika mtoto shavu, akauliza, "Mama, mlikuwa mnampaka nini?"

Nikamtajia kopo. Akanieleza taratibu, uso ule na nywele zile ndizo dalili. Krimu ile ilikuwa na steroidi, dawa inayoiga homoni ya mwili, tena kali, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, inainywa. Juu ya figo kuna vitezi viwili, vinatengeneza homoni inayoushikilia mwili, sukari isishuke, presha isianguke. Vitezi vya mwanangu viliona homoni inatoka nje kila asubuhi, vikalala. Sisi tukaacha ghafla, navyo havikuamka. Angeletwa mapema, wangempunguzia dawa kidogo kidogo huku wakimwangalia, labda angepona.

Yaani siku zote zile nilizomwogopa mwanangu, hakukuwa na jini. Lilikuwa kopo.

Nilipotoka matangani nikaenda Mapinga. Muuza dawa alinipokea vizuri. "Pole sana, dada yangu. Lakini mimi wewe sijawahi kukuona hapa."

"Ulimuuzia bibi mkandaji."

"Basi muulize bibi. Mimi nauza, sipaki mtu."

Nyuma yake makopo yamepangwa, yote meupe. Bado nimesimama, akaingia mama mmoja kijana amebeba mtoto. "Kaka, ile ya vipele imeniishia."

Mtoto akageuka. Lilikuwa jiuso lile lile. Mashavu yale, vinywele vile kwenye paji, na macho yametulia juu yangu.

Nilitaka kupiga kelele, "Acha!" Nikakumbuka, kuacha ndiko kulikomuua wangu. Nikamshika yule mama mkono. "Usiache ghafla, mwanangu. Mpeleke hospitali leo hii, na kopo ulibebe wakalione." Akanitazama kama anaona mchawi. Akamfunika mtoto uso kwa kanga, akachukua kopo, akatoka mbio.

Bibi naye namtaja, ingawa analia kila akiniona. Nesi namtaja. Nimejitaja na mimi. Lakini sisi hatukujua, na wewe muuza dawa ulijua, maana asiyejua angeiacha dawa kwenye tyubu yake, yenye jina. Uliihamisha kwa mkono wako. Jibu mbele ya watu: ulichanganya nini, na umewauzia wangapi wenye watoto wachanga? Nanyi mnaolipwa kukagua maduka ya dawa, mlipopita pale mliona nini mkanyamaza? Leteni jibu sasa, kabla yule mama hajaishiwa tena.