Kibali Kilichosubiri Kompyuta

Jumatatu iliyopita, saa tatu asubuhi, ofisi moja hapa Dodoma iliacha kuandika vibali vya mazishi kwa mkono. Saa nne nilisimama kaunta kuchukua cha mdogo wangu. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na tulitaka kumzika baada ya swala ya adhuhuri.

"Pole sana, mzee," alisema binti wa kaunta. "Kompyuta haijapata anwani yake ya mtandao. Bila anwani haionani na mashine ya kuchapa."

"Ipe basi, mwanangu."

"Siku hizi haipewi na mtu. Inajiombea yenyewe kwa kompyuta kubwa ya bosi." Akanyoosha kidole kwenye mlango wenye kufuli. "Ila bosi akitoka huizima. Anasema ni ya bei, isichoke bure."

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa hii inamwomba nani?"

Binti akacheka, akanitazama usoni, akainamisha kichwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na muhuri mbele yake. Nikamsihi aandike.

"Tumekatazwa, baba."

Bosi alirudi alasiri, kijiti cha meno mdomoni. Akawasha kompyuta yake, na ile ya kaunta ikapata anwani kabla hajaketi. Tulizika jua likizama.

Sina ugomvi na mashine. Iliomba mchana kutwa, kama mimi. Hasira yangu ni kwa mtu aliyemfungia maiti wa watu ndani ya kufuli lake, akaenda kula.

Ewe Mola, msamehe mdogo wangu, mpanulie kaburi lake, umpokee bila kumsubirisha. Amina.