Mngurumo wa Pili

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kilibula kuna mashine ya kusaga muhogo. Kila asubuhi mwenyewe huiwasha kwa kuizungusha kwa mkono wa chuma. Inakohoa, inatema moshi, inanguruma chini chini kwa muda, kisha anaipandisha mpaka mabati ya paa yatetemeke. Wanawake waliopanga mabeseni husogea mbele. Mimi huacha ninachofanya na kusimama na kijiko mkononi, nikingoja kusikia kama sauti itashuka na kupanda tena. Wajukuu wangu wanacheka: bibi anaisikiliza mashine kama redio. Sijawahi kuwaambia ninachosikiliza. Nawaambia ninyi, kwa kuwa ninyi hamtanitazama usoni.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanja cha ndege cha bondeni, karibu na mwisho wa ziwa, tangu wakati wa Wabelgiji mpaka baada ya uhuru. Hakuwa mkubwa wa kitu. Aliokota mawe njiani ndege zisije zikayakanyaga, alivuta mafuta kutoka kwenye mapipa kwa pampu ya mkono, aliweka na kuondoa vibao vya kuzuia magurudumu. Nilikuwa nikimpelekea chakula, naye akinikalisha kivulini nyuma ya mapipa na kunifundisha. "Funga macho, usikie," alisema. Nikafunga, pua ikijaa harufu ya mafuta na majani yaliyokauka, na yeye akinieleza kila hatua. Kwanza propela inazungushwa polepole kwa mikono. Halafu kikohozi na moshi. Halafu injini inaachwa ipate joto, na hapo rubani hana haraka hata kidogo. Ndege inajikokota mpaka mwisho wa njia, inasimama, breki zimekazwa, injini inapandishwa mpaka juu. Huo ni mngurumo wa kwanza, wa kupima. Ukishuka, ukapanda tena, ndege imeondoka.

Mafundi nao hupima injini vibao vikiwa bado chini ya magurudumu. Wakati huo mngurumo ni mmoja tu, na ndege haiendi popote.

Maasi yalipofika, waasi waliushika mji wetu, na askari wa serikali wakabaki na kiwanja. Baba alitukimbilia mjini na kufunga mdomo, kwa sababu mtu aliyeila mishahara ya serikali hakuwa na maisha marefu siku zile. Ndege ndogo za vita zilianza kupita juu ya ziwa, zikipiga mitumbwi kwa kudhani yote imebeba bunduki. Wavuvi waliacha kuvua usiku, maana taa zao zilionekana mbali. Wakawa wanatoka alfajiri, ziwa likiwa limetulia kabisa. Na ziwa likitulia hivyo, sauti za kiwanja zilitembea juu ya maji mpaka kwetu.

Baba hangeweza kuonekana anajua mambo ya ndege. Kwa hiyo sikio likawa langu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kando ya kanisa dogo la ufukweni ilitundikwa jante, ringi ya chuma ya gurudumu la lori, kwenye mchikichi, nami nikapewa chuma cha kuigonga. Nikisikia mngurumo wa kwanza, nagonga. Mitumbwi inakimbilia kwenye matete, na wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanawatupia mchanga haraka haraka, kwa kuwa ndagala wabichi hung'aa juani na rubani angewaona kutoka mbali. Ndagala aliyeingia mchanga hauziki, lakini nani angelalamika? Waliniita Masikio. Walinipa viazi vitamu vya moto, na niseme kweli, nilivimba kichwa. Nilitembea ufukweni kama mke wa chifu.

Aliyenipa viazi vingi kuliko wote alikuwa Mama Mudogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Alikuwa na ulimi mkali na moyo mwepesi, na alimpenda mume wake waziwazi, jambo ambalo wanawake wengine waliliona ni utovu wa adabu. Mume huyo, Baba Mudogo, alikuwa mvuvi mrefu, mkimya, aliyeniletea kila mara samaki mmoja mkubwa "wa masikio", alivyosema.

Asubuhi moja nilisikia mngurumo, nikagonga. Watu wakakimbia, mchanga ukaruka. Tukalala kwenye mifereji tukingoja. Hakuna kitu. Walikuwa mafundi wanapima injini. Tulipoinuka, ndagala wote wa siku ile walikuwa wamegeuka matope, na Mama Mudogo, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya ufukwe mzima kusikia:

"Weye Masikio! Leo ulisikia tumbo yako!"

Walicheka mpaka wakashikana. Yeye mwenyewe alinikumbatia, akanipa kiazi. Wenzangu wa rika lile walinifuata mpaka nyumbani wakingurumisha matumbo. Hakukuwa na ubaya wowote, ilikuwa mizaha ya watu waliokuwa na hofu na wamepona. Lakini mimi kile kiazi nilikitupa. Nikalala na uchungu, nikaapa kwamba sitachekwa tena.

Kesho yake, jua likianza kugusa milima, mngurumo wa kwanza ulikuja juu ya maji. Niliusikia vizuri. Nilikuwa na chuma mkononi. Mbele yangu Mama Mudogo alikuwa amesimama na beseni tupu, akiutazama mtumbwi wa mumewe uliokuwa nje, ukionekana mdogo kama kijiti. Aligeuka, akanitazama, akatabasamu. Tabasamu la jana.

Nikangoja mngurumo wa pili.

Sauti ikashuka. Nikajiambia, unaona, ni mafundi. Kisha ikapanda tena. Niligonga jante mpaka mkono ukafa ganzi, lakini ndege inayosubiriwa mpaka iondoke haisubiri mtumbwi ufike matete. Mingine ilifika. Wa Baba Mudogo ulikuwa mbali kuliko yote. Ndege ilishuka mara moja tu, ikapita, ikaenda. Mama Mudogo aliingia majini na nguo zake zote, akiita.

Mwili wa Baba Mudogo waliuleta saa nne. Kwenye matanga, wazee wa ukoo wakaniita katikati. Mjomba mmoja akaniuliza kwa upole: "Mutoto, ulichelewa juu ya nini? Haukusikia?"

Nilifungua mdomo. Mama Mudogo alikuwa ameinua uso, macho yamevimba, ananitazama. Na Baba, aliyekaa karibu na mlango, akasema kabla yangu:

"Ni minye, baba yake, nilimwambia angoje. Nilimwambia, usipige jante mpaka usikie mara mbili, tusipoteze ndagala tena. Kosa iko yangu."

Hakuwa ameniambia neno. Siku ile ya mafundi alikuwa ameniambia kinyume: "Uligonga vizuri, kesho gonga hivyohivyo." Nilimtazama. Hakunitazama. Nikafunga mdomo wangu.

Mama Mudogo hakumpa tena Baba mkono wake. Miaka ilipita, maasi yakaisha, wavuvi wakarudi kuwasha taa zao usiku. Akimkuta njiani alihamia upande wa pili. Mimi alinipenda kama zamani, alinisuka nywele, alinipikia siku ya arusi yangu. Baba alipokufa, alikuja, akakaa nje ya uzio, hakula, hakulia. Nami nilipita mbele yake na sahani za wageni, nikijua neno moja ambalo lingemwingiza ndani, nikaendelea kugawa chakula.

Kwa muda mrefu nilidhani Baba alidanganya ili kunikinga mimi. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba sikuwa peke yangu nyuma ya mgongo wake. Ningesema kweli pale kwenye matanga, ningesema: nilingoja kwa kuwa nilichekwa. Na Mama Mudogo angekumbuka ni nani aliyechekesha watu.

Bado yuko hai. Anakaa Nyamianda kwa mjukuu wake, mzee sana, masikio yamekwisha. Ndege za vita za siku hizi, zile za jeti, zinapita kabla ya sauti yao, na watu wakiruka kwa mshtuko yeye hata hageuki. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Tulikuwa wawili tu, nami nilikuwa nimemimina chai. Nilimshika mkono nikasema: "Mama Mudogo, ile siku niliusikia wa kwanza. Baba hakuniambia ningoje. Ilikuwa minye."

Akainamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasema nini? Sema kwa nguvu, mutoto yangu. Minye sisikii."

Uso wake ulikuwa karibu na wangu, umetulia, unangoja. Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijiogopea mwenyewe. Najua tu kwamba nilipiga kelele mpaka majirani wakasikia:

"Nasema, chai iko tayari!"

Akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua kikombe.