Uso Uliocheka Kwenye Mazishi

Wamama wa Mikinduri, sauti yangu inakwaruza, kwa hivyo sogeeni karibu.

Naitwa Salwa. Nilizaliwa Tunis, na tangu ujana nimeigiza filamu. Nimekuwa malkia, nimekuwa mjane, hata mwizi wa farasi. Kazi hiyo ndiyo iliyonileta Meru, nikaolewa na mwalimu Mutwiri, na sikuacha kuigiza.

Tulikuwa tunapiga filamu kule Kanja. Nilikuwa mke wa mkulima, natembea shambani bila viatu. Msumari wenye kutu ukanidunga kisigino. Nikapangusa damu, tukaendelea na kazi.

Wiki iliyofuata taya likakaza. Nikadhani ni jino. Siku hiyo tuliigiza mazishi. Nilitakiwa kulia juu ya jeneza, lakini mdomo ukavutika pande zote mbili, meno nje.

Mwelekezi wa filamu akafoka, "Salwa, mbona unacheka? Huyu ni bwanako amekufa!"

Nilijaribu kufunga midomo, ikakataa. Watu wakacheka nami, kisha wakasogea kunitazama mmoja mmoja.

Mama mkwe alikuwa amekuja na Mutwiri kututazama. Akanishika kidevu. "Mwari wakwa, binti yangu, fungua mdomo." Haukupitisha hata kidole. Akamgeukia Mutwiri: "Hii ni pepopunda. Ndugu yangu alikufa na uso kama huu. Leta gari!"

Tulipofika hospitalini mgongo ulikuwa umepinda kama upinde. Mlango ukigongwa tu, mwili wote unakakamaa. Niliuma ulimi, nikajikojolea. Na akili ilikuwa timamu! Nilimsikia daktari akimwambia Mutwiri, "Kifua kikikaza hivyo, ataacha kupumua."

Kikakaza. Wakanitoboa hapa kooni, wakaingiza mpira, mashine ikanipumulia. Wakazima taa, maana hata mwanga ulinishtua. Wauguzi walitembea wakinyata. Mama mkwe alikaa gizani bila neno, maana hata sauti ya maombi ilinikakamaza.

Siku nyingi zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja nikahisi midomo imelegea. Nikalia, na uso nao ukalia. Nesi akaita wenzake waje waone.

Nilijifunza upya kumeza na kutembea. Siku hizi napewa nafasi za kuigiza nyanya wakali. Namshukuru Mungu, madaktari, na huyu mama mkwe wangu aliyeketi hapa mbele.

Wenzangu, mwiba au msumari ukikudunga, au jembe likikukata, osha kwa maji na sabuni, uende udungwe sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Usingoje maumivu.

Kama kuna mwenye kidonda hapa, asimame. Naenda naye zahanati mimi mwenyewe, sasa hivi.