Barua Aliyoificha Fundi Owino

Saa moja asubuhi, Caleb Owino anapiga randa ubao wa kitanda katika soko la Gikomba. Fundi mwenzake, Mutunga, anazunguka hadi upande wake wa kulia kabla ya kusema neno. Kushoto ni kazi bure: sikio la huko halisikii.

"Afande, nipe msumeno. Ama nikuandikie barua?"

Owino, mwenye umri wa miaka 46, anacheka. Alikuwa mwanajeshi kwa miaka kumi na minne, mpokeaji wa redio katika kikosi cha mizinga. Mwaka 2005, wakati wa mazoezi, mzinga ulifyatuliwa kabla hajaziba masikio.

"Nilisikia mluzi siku tatu," anasimulia. "Sikwenda zahanati ya kambi. Ukienda kwa daktari bila damu, wenzako wanakuita bibi harusi."

Alipoacha jeshi mwaka 2013, aliulizwa kama ana tatizo lolote la afya. Alijibu yuko sawa, awahi basi la nyumbani.

Jibu hilo bado linamfuata. Ombi lake la fidia ya ulemavu lilikataliwa mwaka jana. Daktari aliyempima aliandika kwamba uziwi huo huenda umeletwa na mashine za mbao. Rufaa itasikizwa Alhamisi, na ni lazima aonyeshe kwamba sikio liliharibikia jeshini.

Anahitaji kifaa cha kusikia, ambacho bei yake ni sawa na vitanda tisa. Mwezi wa tatu, msumeno wa umeme uliwashwa upande wake wa kushoto bila yeye kujua. Alipoteza ncha ya kidole.

Wiki iliyopita, nyumbani kwao mtaa wa Umoja, mkewe Norah alikuwa akitafuta cheti cha jeshi ndani ya sanduku la chuma. Chini ya sare alikuta barua ya mwaka 2006. Ilimhamisha Owino kutoka redio hadi ghala: "Huomba ujumbe urudiwe. Sikio la kushoto halisikii vyema."

Wakati huo, Owino hakuwa amewahi kushika randa.

"Baba Jacky, uliniambia ulipandishwa cheo," Norah anamwambia, akimimina chai.

"Niliona aibu, mama."

"Miaka yote hiyo?"

"Labda uliniulizia upande wa kushoto."

Norah anajaribu kununa, anashindwa. Tayari ametoa nakala tatu za barua hiyo.

Owino ameinyoosha ile halisi kati ya mbao mbili, ikunjuke kabla ya Alhamisi.

"Wakiniuliza kama nina tatizo lolote," anasema taratibu, "safari hii sina haraka ya basi."