Nibu ya Mkono Mwingine

Kila Jumatano kabla ya ubatizo katekista wetu alinipa kalamu yake niijaze wino. Nilikuwa karani katika shamba la kahawa pale Ruiru, na wino wa ofisi yetu haukufifia. Aliitumia kalamu ile kwa kazi moja tu, kuandika majina ya waliobatizwa katika kitabu cha kanisa. Aliandika peke yake katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Sisi tulidhani ni heshima kwa kitabu.

Jumatano hiyo niliijaza, nikaipangusa, kisha nikatamani kuijaribu. Ilikwaruza karatasi. Nikashangaa, maana mzee katekista aliisifu. Nilipoigeuza niitazame vizuri, ikaniponyoka, ikaanguka kichwa chini juu ya sakafu ya saruji. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ikapinda kama mdomo wa kasuku.

Jumapili padri angekuja, na binti yangu wa kwanza alikuwa miongoni mwa watoto wa kubatizwa.

Sikumwambia mzee, wala mke wangu. Lakini mke wangu alikuwa na macho.

"Baba wa mtoto, mbona unakaa kama umekalia siafu?"

"Ni kazi tu."

"Kazi gani hiyo inayokutoa mezani mara tatu? Ugali umekukosea nini?"

Siku zile za Hali ya Hatari mtu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi. Niliipata Ijumaa, nikapanda baiskeli, nikakanyaga kando ya mikonge huku nikigusa mfuko wa shati kila baada ya kitambo kidogo. Kwenye kizuizi askari alifungua kalamu, akachungulia ndani ya kifuniko, akacheka. "Hii imekunywa pombe, karani. Angalia shingo yake."

Mimi sikuweza kucheka.

Huko Thika palikuwa na Mhindi mmoja, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, aliyeuza daftari na kutengeneza kalamu. Aliilaza yangu katika bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka wino mkavu ukalainika. Akaishika nibu pamoja na ulimi mweusi ulio chini yake kwa kipande cha mpira, akavuta taratibu moja kwa moja, bila kuzungusha.

"Ukizungusha, ulimi navunjika," alisema. Kisha akafungua mkebe wa sigara uliojaa nibu za kalamu zilizokufa.

"Nipe yoyote inayoingia, bwana. Nina haraka."

"Mimi hapana uza nibu kwa macho. Keti. Andika jina yako. Mkono ndiyo nachagua."

Nikaandika kwa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilitiririka kama maji kwenye jani la mgomba. Nikamshukuru Mungu palepale dukani, nikarudi Ruiru kabla jua halijashuka. Mzee akapokea kalamu yake bila kuifungua.

Kanisani kwetu palikuwa na desturi. Siku moja kabla ya ubatizo, katekista aliwaita kina baba wote na kuwauliza mmoja mmoja: "Kuna neno unalolificha, wewe utakayesimama na mtoto mbele ya Bwana?" Jumamosi ile aliponifikia nilijibu, "Sina, baba." Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, chini kidogo ya msalaba. Nilikwenda nyumbani nikihesabu hatua, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Niliona kana kwamba nimemsimamisha mtoto wangu juu ya kigogo kilichooza.

Jumapili maji yalimwagwa, watoto wakalia, padri akaondoka kwenda kanisa jingine. Mzee akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Tulingoja nje, binti yangu mgongoni mwa mama yake. Kupitia ukuta wa mbao nilisikia nibu ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza tena.

"Karani! Ingia. Funga mlango."

Ukurasa ulikuwa na majina matatu, doa kubwa, na mahali palipochanika. Kalamu ilikuwa katika mkono wake wa kushoto.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake miaka minne. Alitufundisha kwa kukariri, hakugusa ubao. Alikula kwa mkono wa kulia, alisalimu kwa huo huo. Sikuwa nimewahi kumwona akiandika.

"Kalamu yangu umeipeleka kwa nani?" aliuliza.

Nikasema yote: sakafu, Thika, na lile "Sina" la Jumamosi.

"Na kule dukani iliandika vizuri?"

"Vizuri sana, baba."

"Kwa mkono gani?"

"Wangu wa kulia, baba." Akatazama vidole vyake vilivyopakaa wino. "Shuleni walimu walinifunga mkono huu kwa kamba," alisema. "Nikajifunza mengine yote kwa ule mwingine. Kuandika kulikataa. Kwa hiyo, karani, usijione ni wewe tu uliyekuwa na la kuficha." Akasimama, akanipa kiti chake. "Keti. Andika waliobaki. Na polepole kwa binti yako. Ukurasa huu umeshateswa."

Niliandika. Jina la binti yangu limo mpaka leo, kwa mwandiko wangu, chini ya lile doa.

Wiki iliyofuata mimi na mzee tuliomba pasi mbili za kwenda Thika. Dukani kulikuwa na watu watano, wawili wao Wakristo wa Thika waliomfahamu mzee. Yule Mhindi akamsogezea karatasi. Mzee akatazama mlangoni, akanitazama mimi, akahamishia kofia mkono wa kulia. Akashika kalamu kwa kushoto.

Fundi alifunga mkebe wa sigara, akavuta droo ya chini, akatoa nibu yenye ncha iliyolala upande, ya waandikao kwa kushoto. Mzee akaandika mstari mzima bila kukwaruza.

"Ooo, mzee!" mmoja wa wale wawili alisema. "Kumbe kushoto!"

"Kushoto," mzee akamjibu, akaendelea kuandika.

Padri alipokuja tena, mlango wa chumba cha nyuma ulibaki wazi. Watoto walisongamana kizingitini kumtazama mzee akiandika kwa kushoto.